Tanbihi ya Arobaini na Moja

Jentrix Nasimiyu alikuwa mtu wa kushuku tangu utotoni, na hakuona haya kulisema. Ukimsifu nguo, aliuliza unataka nini. Ukimletea mahindi ya kuchoma, alitaka kujua yametoka shamba la nani. Senge yake mmoja, yaani dada wa baba yake, alisema msichana huyo akifika mbinguni atamdai malaika kitambulisho. Kwa hiyo alipokwenda kusomea sheria Kitale, hakuna aliyeshangaa, na alipochaguliwa kuwa mhariri katika jarida la wanafunzi, waliomjua walisema kazi imempata mwenyewe.

Jarida hilo lilihusu upatanishi na usuluhishi, yaani zile njia za kumaliza ugomvi bila kuvutana mashati mbele ya hakimu. Kwenye jalada waliandika "Wagombanao ndio wapatanao", ingawa wahariri wenyewe waligombana kila toleo na kupatana kwa shida. Mwaka uliotangulia mhariri mmoja alipitisha makala ya rafiki yake, yenye makosa tele, na wenzake wakamfuata kama kondoo. Jentrix ndiye aliyesimama kikaoni akatoa hoja ya kukomesha mchezo huo. Tangu siku hiyo makala yalikuja bila jina la mwandishi. Tanbihi ziligawanywa mafungu, kila mhariri akapewa lake pamoja na kurasa zake, akaenda kuhakikisha kila chanzo kilichotajwa. Ilikuwa mwiko kuona fungu la mwenzako kabla ya kikao cha mwisho. Makala mazima yalibaki kwa mhariri mkuu, Mary Ann, msichana mkali aliyeamini kanuni kuliko alivyoamini watu.

Ilikuwa Jumatano, mvua ya Mei ikipiga mabati ya maktaba, Jentrix alipofungua fungu lake jipya. Makala yalikuwa na tanbihi sitini. Yeye alipewa ya kwanza hadi ya thelathini. Zilizobaki alipewa Kipkirui, kijana mpole kutoka mteremko wa Mlima Elgon, ambaye angeweza kukaa nawe saa tatu asiseme maneno kumi.

Makala yalisimulia ugomvi mmoja wa shamba katika maskimu ya makazi, kaskazini mwa Bungoma. Majina yote yalikuwa yamefichwa. Kulikuwa na ndugu wawili waliorithi shamba moja na kuligawa wenyewe kwa mstari wa mikonge, bila kumwita mpimaji. Mdogo alifariki. Mkubwa, aliyeitwa Mlalamikaji, akaenda mahakamani kudai kwamba mpaka ulikuwa umemlia ardhi. Aliyeshtakiwa aliitwa Mjane. Mahakama ikawapeleka kwa mpatanishi, nao wakakaribia kuelewana. Jentrix alisoma akijiambia kwamba wajane ni wengi na mikonge ni mingi. Kisha akafika ukurasa wa sita.

"Mikonge ilihamishwa na marehemu mwenyewe," yalisema makala, "siku ya sherehe za tohara, boma likiwa tupu. Jambo hili halikutamkwa katika kikao cha pamoja. Tazama tanbihi ya 41."

Alifunga kompyuta kana kwamba kuna mtu nyuma yake. Marehemu huyo alikuwa baba yake, Wekoye. Mjane alikuwa mama yake, Phelista, na Mlalamikaji alikuwa baba yake mkubwa, Wangila. Shamba lilikuwa Tongaren, na juu ya kile kipande kinachogombaniwa ilisimama nyumba ambayo mama alikuwa amemaliza kuipiga plasta mbele tu, pamoja na jiko, zizi na kaburi la baba. Mapatano yalikuwa yameandikwa: Wangila angekiacha kipande hicho kwa mjane, na kesi ingeisha. Sahihi zingewekwa Jumanne iliyofuata huko Bungoma. Zisipowekwa, mpimaji angeitwa, avute kamba yake, na mama atoke.

Hilo la mikonge lilijulikana na watu wachache mno. Mama alilitoa katika kikao cha faragha, pale mpatanishi anapokaa na kila upande peke yake na kuapa kutolitoa neno nje bila ruhusa. Alimwambia mpatanishi kwamba ni kweli, mumewe alihamisha mikonge Agosti ya mwaka wa elfu mbili na kumi, na yeye alijua tangu siku hiyo. Aliomba lisifike kwa shemeji yake. Alipofika nyumbani alimwambia Jentrix, kwa sababu moyo ulimlemea na hakuwa na mwingine wa kumwambia. Basi. Sasa limo kwenye makala, limechapwa vizuri, na nambari juu.

Ni nani basi aliyelivujisha? Jentrix hakuhitaji hata kumaliza uji wake kupata jibu. Kipkirui alikuwa amefanya mafunzo ya kazi Bungoma, miezi mitatu, katika sajili, ofisi ya mahakama inayopanga vikao vya upatanishi. Alibeba mafaili. Aliandaa viti. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kijana huyo alikuwa na kimya cha kutosha kuvunja mlima.

Njia iliyonyooka ilikuwepo. Angekwenda kwa Mary Ann akasema, makala haya yananihusu, niondoe. Hiyo ndiyo kanuni, na nusu ya kanuni hizo aliziandika yeye. Lakini akiondolewa, nani angeyazuia? Alitaka kubaki ndani ayaue makala kwa kalamu yake mwenyewe. Kwa hiyo alinyamaza, akaanza kumvizia Kipkirui.

Na ukimvizia mtu, kila anachofanya kitakupa ushahidi. Kipkirui alipomwona anakuja, aliinamisha kioo cha kompyuta. Alipomuuliza fungu lake linaendeleaje, alisema linaendelea. Alipomuuliza kama makala hayo hayamkumbushi kitu alichokiona Bungoma, alisema ni heri wasiongee juu yake. Siku ya Ijumaa uvumilivu ukamwishia Jentrix, akamfuata hadi kibanda cha chai nje ya lango.

"Kipkirui, nionyeshe tanbihi ya arobaini na moja."

"Siwezi, bana. Unajua siwezi."

"Ni kitu kimoja tu. Nakuomba kama rafiki."

"Ni wewe ulisema tusionyeshane," alijibu, bila ukali wowote. "Ngoja Jumatatu. Jumatatu utaona yote."

Jumatatu, na Jumanne ndiyo siku ya kuweka sahihi. Jentrix aliona amepangiwa. Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi ya Jumamosi akapanda gari la Bungoma bila kumwambia mtu.

Mpatanishi aliitwa Madam Fridah. Alikuwa metroni wa hospitali kabla ya kustaafu na kupata cheti cha upatanishi, na ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu, karibu na reli. Alimpokea Jentrix kwa adabu, akampa kiti, akasikiliza. Jentrix alimweleza kwamba kuna siri imetoka chumbani mwake na sasa inataka kuchapishwa. Aliuliza kama kijana wa Kitale aliwahi kukaa kwenye kikao cha faragha. Aliuliza kumbukumbu zinafungiwa wapi. Kisha akauliza, kwa sauti aliyokuwa akiifanyia mazoezi kwa ajili ya mahakama, kama Madam mwenyewe alikuwa ameongea na mtu.

Madam Fridah alikunja miwani yake. Alisema hawezi kumjibu hata moja. Hawezi kusema nani alikuja kwake wala nani hakuja. Jentrix akamkumbusha kwamba yeye ni mtoto wa Phelista.

"Hata ungekuwa Phelista mwenyewe, ningekuambia tufunge mlango kwanza," alisema Madam Fridah. "Lakini nikupe neno moja la bure, mwanangu. Ukishuka hapa, rudi Kitale. Usipitie kwa mtu."

Mtu mwingine angesikia onyo la mama mzima. Jentrix alisikia mtu anayejificha. Na kwa kuwa ameambiwa asipitie kwa mtu, akajua yupo mtu wa kupitiwa. Alishuka ngazi akiwa amekasirika kabisa, akavuka sokoni hadi kibanda cha baba yake mkubwa.

Wangila alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na shamba Tongaren lakini siku za soko alishinda Bungoma akishona sare za shule, na siku hiyo kaptula za kijivu zilikuwa zimemjaa hadi magotini. Jentrix hakuwahi kuuamini ukarimu wake. Mtu akushtaki miaka miwili, alipe nauli za kwenda mahakamani, halafu siku moja tu aseme, basi, wacha akae? Hapana. Kwa hesabu zake Jentrix, siri ilikuwa imemfikia mzee huyu zamani, naye alikuwa ameiweka akiba, aitoe Jumanne mbele ya watu wote na kumwaibisha mama. Heri amchomoe kwenye pango lake leo.

Alimsalimia kwa heshima, akakataa soda, akakaa kwenye benchi la wateja. Wangila aliuliza masomo. Aliuliza mama. Alisema amefurahi kwamba Jumanne maneno yataisha, maana ndugu yake hangelala vizuri kaburini watu wakivutana juu yake. Jentrix aliona hayo yote ni mtego uliopakwa asali.

"Papa, nani amekuambia?" aliuliza, akimwita baba kwa lugha ya nyumbani.

"Ameniambia nini?"

"Usinifiche. Mama alimwambia Madam peke yake kwamba mzee wake ndio alihamisha mikonge. Kama hiyo maneno imekufikia, basi imeibwa, na sheria haikubali uitumie Jumanne."

Cherehani ilisimama. Wangila hakuinua kichwa mara moja. Aliutoa mguu kwenye kanyagio, akachomoa uzi, akaukata kwa meno.

"Mama yako alisema hivyo?"

Kisha akainua uso. Ulikuwa ni uso wa mtu anayesikia kitu kwa mara ya kwanza, na hata yeye, pamoja na kushuku kwake kote, hakuweza kuuona vingine.

"Alijua tangu lini?" Wangila aliuliza tena.

Jentrix alisema hajui. Lakini alikawia mno kabla ya kulisema hilo, na mzee alikuwa amelea watoto saba, anaujua uongo unavyochelewa.

Ndipo Wangila alipomweleza, taratibu, akizikunja zile kaptula moja moja. Agosti ile ya tohara watu wote walikuwa wamekwenda Kimilili kwa jamaa zao. Yeye alirudi mchana kuchukua blanketi la mtoto wake aliyekuwa anatahiriwa. Alimwona Wekoye na jembe, mikonge imelala chini kama wagonjwa. Alirudi nyuma kimyakimya. Hakumwuliza ndugu yake siku hiyo wala siku nyingine, kwa miaka kumi na moja, mpaka akamzika.

"Akakufa, nikasema sasa nitadai changu," alisema. "Nikaenda kortini. Halafu nikamwona mama yako pale mbele ya Madam, anashikilia kitambaa, analia. Nikasema huyu mama amejenga pale, amelima pale, na hajui kitu. Siwezi kubomolea mtu nyumba kwa sababu ya kosa hajui. Hiyo ndio nilimwambia Madam. Hata kuna msichana wa chuo, Chepkosgei, alikuja na karatasi ya ruhusa, anaandika mambo ya masomo. Nikatia sahihi, nikamwambia vile vile."

Mteja alisimama kibandani kuuliza sketi ya binti yake, akajibiwa aje kesho kutwa, akaenda zake.

"Kumbe alijua," Wangila alisema.

Jentrix alijaribu. Alikuwa amesoma kesi mia moja na alizitafuta zote kichwani. Alisema yaliyosemwa faraghani hayawezi kutumiwa dhidi ya mtu. Alisema hata kifungu chake anakijua. Wangila alimsikiliza hadi mwisho kama anavyomsikiliza mteja anayelalamikia kola.

"Mimi situmii kitu," alisema. "Mimi nimesikia tu."

Akarudisha mguu kwenye kanyagio. Hakumfukuza. Alimwambia asichelewe gari la mwisho, tena akampa salamu za kumpelekea mama, na salamu hizo zilimwuma Jentrix kuliko tusi.

Jumatatu wahariri walikutana. Kipkirui alifungua fungu lake bila kuombwa, akalisogeza mezani mbele ya Jentrix. Tanbihi ya arobaini na moja ilikuwa mistari mitatu. Ilisema ni mahojiano na Mlalamikaji, kwa idhini yake ya maandishi, na kwamba Mlalamikaji alishuhudia tendo hilo kwa macho yake. Aya iliyokuwa juu yake ilisema anaamini Mjane hana habari, na kwamba imani hiyo ndiyo sababu ya pekee ya yeye kukubali mapatano. Pembeni Kipkirui alikuwa ameandika maoni yake kwa rangi ya buluu: makala ni mazuri, lakini yasichapishwe kabla sahihi hazijawekwa na miezi sita kupita, kwa sababu neno moja likitoka upande wowote litavunja nyumba ya watu.

Mary Ann aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Hakukuwa na pingamizi. Jentrix alipotoka nje alimkuta Kipkirui akifunga mkoba wake, akamwuliza kwa nini siku zile alikuwa anamwogopa. Kipkirui alijikuna kichwa. Alisema alipokuwa Bungoma aliona jina la mama yake Jentrix kwenye faili, jina tu, na aliposoma makala akahisi ni kesi hiyo. Alikuwa anaogopa asije akajisahau na kumwambia.

Jentrix alimwomba msamaha bila kumweleza wa nini, naye Kipkirui akaupokea vivyo hivyo, akamuaga. Jioni ile Jentrix alimpigia mama ili amweleze. Simu iliita, mama akaipokea akiwa na furaha, akisema amepiga pasi gauni lake la kanisa na jirani atamkamulia ng'ombe kesho. Jentrix alimtakia safari njema na kukata. Aliona haya, na pia aliwaza kwamba labda, labda tu, mzee angekuwa amelala na kusahau.

Jumanne saa tatu asubuhi walikuwa Bungoma, kwenye chumba kidogo cha sajili. Msajili aliusoma mkataba kwa sauti. Mama aliweka sahihi yake polepole, herufi moja moja, kama mtu aliyejifunza kuandika kwa ajili ya siku hiyo. Kalamu ikapelekwa kwa Wangila. Aliishika, akaitazama, akairudisha mezani. Alisema anaomba radhi kwa kuwapotezea muda watu wa serikali. Aitwe mpimaji.

Msajili alimwuliza sababu. Wangila alisema hana la kuongeza, akavaa kofia yake, akatoka. Hakumtazama Phelista, na kwa Jentrix aliinamisha kichwa tu, kama kwa mtu aliyemtendea haki.

Nje, kwenye veranda, mama alikaa kwenye benchi akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuwa anafikiri, na Jentrix, aliyekuwa anaujua uso huo kwa sababu ulikuwa wake mwenyewe, aliona shaka ikiingia na kukaa. Upande wa pili wa ua Madam Fridah alikuwa amesimama peke yake chini ya jua, faili kwapani.

"Ni huyu Madam," mama alisema kwa sauti ya chini. "Ile maneno nilimwambia yeye. Ati ameapa. Wewe ni mtu wa sheria, Jentrix. Toa karatasi, tuandike barua, wamnyang'anye hicho cheti chake."

Karatasi ilikuwepo. Kalamu pia ilikuwepo. Ingekuwa rahisi, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, Jentrix aliifikiria barua hiyo hadi mstari wa kwanza.

"Madam hakusema, mayi," alisema. "Ni mimi. Nilienda kwa papa Jumamosi. Nilidhani alikuwa anajua."

Mama alimgeukia. Alimtazama usoni kwa muda, jinsi alivyokuwa akimtazama alipokuwa mdogo na ana homa. Jentrix alianza kueleza habari za makala, na Kipkirui, na fungu ambalo hakulisoma, lakini maneno yalikuwa mengi na hayakusaidia, akayaacha katikati.

"Na mimi nilikuwa nimeshamlaani huyo mama wa watu moyoni mwangu," Phelista alisema mwishowe.

Aliinuka, akanyoosha gauni lake, akavuka ua hadi kwa Madam Fridah. Jentrix aliwaona wakishikana mikono, wakasogea kivulini, wakaanza kuongea, mama akimsimulia mtu baki mambo ya nyumba yake. Alisimama pale benchini akingoja aitwe. Hakuitwa.